Nani Amekutuma? Uchungaji wa Mtandaoni na Kifungo cha Ndoa

Siku hizi mtu mwenye simu ya mkononi na kifurushi cha intaneti anaweza kupata jina la mchungaji kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Anaandika jina lake, anajaza anuani, anabonyeza, na tayari ameingizwa katika orodha ya wahudumu wa kanisa ambalo hajawahi kukanyaga mlango wake. Akitaka cheti cha kuning'iniza ukutani, analipia kidogo na kukipata. Hakuna aliyemuuliza anaamini nini, anaishi na nani, wala majirani zake wanamsemaje.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1962 Kirby Hensley alisajili katika mji wa Modesto, jimbo la California, kanisa liitwalo Universal Life Church, akawa anampa uchungaji kila aliyeuomba kwa njia ya posta. Intaneti ilipokuja, kazi ikawa nyepesi zaidi. Leo huko Marekani ni jambo la kawaida maharusi kumwomba rafiki yao ajiandikishe mtandaoni ili awafungishe ndoa. Majimbo yao hayakubaliani juu ya nguvu ya ndoa hizo kisheria. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya North Carolina ilikataa kumhesabu mtu mwenye uchungaji wa posta kuwa mhudumu wa dini mwenye uwezo wa kufungisha ndoa. Miaka minane baadaye Mississippi ilikubali. Mwaka 2019 Tennessee ilitunga sheria ya kuwazuia waliobarikiwa mtandaoni, na mara moja ikapelekwa mahakamani.

Ndugu msomaji atauliza: hayo ya California yanatuhusu nini sisi wa Nsemulwa? Yanatuhusu kwa sababu simu zile zile ziko mikononi mwetu. Hapa Mpanda, na katika Mkoa wote wa Katavi, watu wanaingia kila mwaka: wakulima wa mpunga na tumbaku, wafugaji, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wafanyabiashara wanaoshuka na treni kutoka Tabora. Mji unapokua hivyo, makanisa nayo huota haraka, mengine ya kweli na mengine ya kutafutia riziki. Siyo kila mwenye kola shingoni anaulizwa aliipata wapi. Kwa hiyo swali hili tulijibu mapema: je, mtu aliyejipatia uchungaji bila kuitwa na kanisa lolote apewe na sheria uwezo wa kuwafungisha watu ndoa? Na Mkristo anayefungishwa ndoa na mtu wa namna hiyo, ndoa yake ni ndoa?

Sheria yetu inavyosema

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wetu tunaizungumza bila kuifahamu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliziweka chini ya paa moja ndoa zote za Tanzania Bara: za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na zile za serikali, ambazo watu wetu huziita ndoa za bomani. Inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu muda wote wa maisha yao pamoja. Inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla. Inataka ridhaa ya wote wawili na mashahidi.

Kuhusu wahudumu wa dini, sheria haisemi kwamba kila mchungaji anaweza kufungisha ndoa. Inasema Msajili Mkuu anaweza kumpa mhudumu wa dini leseni ya kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana mchungaji wetu, hata akiwa amewekewa mikono na askofu mbele ya umati, hafungishi ndoa yenye nguvu ya kisheria kwa sababu ya kuwekewa mikono tu. Anahitaji leseni, anahitaji vitabu vya vyeti vinavyotolewa na RITA, na anawajibika kupeleka taarifa ya ndoa aliyofungisha ili isajiliwe. Siku ile madhabahuni mchungaji hutumika katika ofisi mbili, ya Kanisa na ya Serikali, ingawa anavaa kanzu moja.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu cha 41, ambacho tunakiona kuwa cha huruma. Kinasema kwamba ndoa iliyotimiza masharti mengine ya sheria haiharibiki kwa sababu tu aliyeifungisha hakuwa na uwezo wa kisheria, isipokuwa kama wote wawili, bwana na bibi harusi, walilijua jambo hilo wakati wa ibada. Maana yake, waliodanganywa hawaadhibiwi kwa kosa la aliyewadanganya. Lakini waliokwenda macho wazi, wakijua kwamba huyu siye, hawawezi kujificha chini ya kifungu hicho.

Kwa hiyo, kwa sheria ya leo, cheti cha mtandaoni peke yake hakimpi mtu uwezo wa kufungisha ndoa Tanzania. Lakini jibu la sheria halitoshi, kwa kuwa sheria hubadilishwa, na wako wanaosema wakati umefika ibadilishwe. Tunapaswa kuuliza kama sheria hii ina sababu njema.

Ni nani anayefunga ndoa?

Hapa wasomaji wengine watashangaa. Katika Maandiko hatusomi popote kwamba kuhani alihitajika ili ndoa iwe ndoa. Katika Mwanzo 2 Mungu mwenyewe ndiye anayemleta mwanamke kwa mwanamume. Katika Ruthu 4 Boazi anamchukua Ruthu kuwa mkewe langoni pa mji, mbele ya wazee kumi na watu wote waliokuwapo. Hakuna kuhani pale, ila kuna mashahidi wenye majina na nyuso. Katika Yohana 2 Bwana Yesu yuko Kana akiwa mgeni mwalikwa. Hatuambiwi aliyeongoza arusi ile ni nani.

Mababa wa Kanisa la Magharibi walilielewa hilo. Waliifundisha ndoa kuwa inafanywa na ridhaa ya wawili wenyewe. Luther naye, katika kijitabu cha ndoa alichowaandikia wachungaji mwaka 1529, alieleza kwamba arusi na ndoa ni mambo ya ulimwengu, na kwamba si kazi ya wachungaji kuyatungia amri. Lakini watu wakija kuomba baraka na sala, tuna wajibu wa kuwatumikia. Na waliotuletea Injili kutoka Ujerumani, wale wa Berlin na wale wa Leipzig waliofika katika nchi hii miaka ya 1890, walitoka katika nchi ambayo tangu mwaka 1876 ndoa ya kisheria ilifungwa kwa ofisa wa serikali, na kanisani watu walikwenda kubarikiwa. Mchungaji wa Ujerumani hakuwa na uwezo wa kisheria alio nao leo mchungaji wa Nsemulwa.

Basi kama ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili mbele za Mungu, mtu anaweza kusema: kuna haja gani ya kusumbuka na aliyesimama mbele yao? Awe mchungaji wa miaka thelathini au wa dakika tano, ahadi ni yao.

Jibu tunalipata katika historia, na ni jibu chungu. Kwa karne nyingi Ulaya iliamini kwamba ridhaa yatosha. Matokeo yake yalikuwa ndoa za siri. Mwanamume aliahidi usiku, chini ya mti, kisha asubuhi alikana na kuoa mwingine hadharani. Na mwanamke wa kwanza hakuwa na pa kushika. Kwa ajili hiyo Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kwamba kwa Wakatoliki ndoa ifungwe mbele ya paroko au padre aliyeruhusiwa naye, pamoja na mashahidi. Uingereza ilichelewa. Huko London wachungaji waliokuwa wamefungwa kwa madeni katika gereza la Fleet, na wenzao waliokaa pembezoni mwake, waliwafungisha ndoa watu kwa malipo bila matangazo wala maswali, mpaka sheria ya mwaka 1753 ilipokomesha biashara hiyo.

Tuangalie vizuri mfano huo wa Fleet. Wengi wa watu wale walikuwa wamebarikiwa kihalali. Walikuwa na vyeti halisi. Kilichokosekana ni usharika: hawakuwa na kundi lililowajua, wala mtu wa kuwauliza, wala kesho ya kuwajibika. Kwa hiyo tatizo tunalolizungumza halikuzaliwa na intaneti. Intaneti imelipa miguu tu.

Tunajifunza kwamba yule anayesimama mbele ya maharusi hawapi ndoa kama mtu anayegawa sadaka. Yeye ni shahidi wa jamii nzima. Anauliza kwa niaba ya wote: je, kuna pingamizi? Huyu ana mke mwingine? Huyu binti amelazimishwa? Anaandika, anatunza, na kesho yake yupo. Sheria ile ile ya Uingereza iliwaacha Waquaker wafunge ndoa kwa desturi yao, nao hawana mchungaji kabisa. Lakini walikuwa na mkutano wao unaowajua na kuwashuhudia. Hii inatuonyesha kwamba lililo la lazima ni jamii inayojua na kuwajibika, zaidi hata ya cheo.

Mika na Mlawi wake

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 17 na ya 18, kuna habari ya mtu aitwaye Mika wa milima ya Efraimu. Alijijengea nyumba ya ibada kwake, akatengeneza naivera, akamweka mmoja wa wanawe kuwa kuhani. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mwandishi anatukumbusha hapo hapo kwamba siku hizo hakukuwa na mfalme, kila mtu alijifanyia lililomfaa machoni pake. Baadaye akapita kijana Mlawi aliyekuwa akitafuta mahali pa kukaa, Mika akamwajiri kwa vipande kumi vya fedha kwa mwaka, na nguo, na chakula. Sasa Mika akafurahi, akaamini kwamba Bwana atamtendea mema kwa kuwa ana Mlawi nyumbani.

Mwisho wake tunaujua. Wadani walipita, wakamwambia Mlawi kwamba ni afadhali awe kuhani wa kabila zima kuliko wa nyumba ya mtu mmoja. Moyo wake ukafurahi, akachukua vyombo vya Mika, akaondoka nao. Kuhani wa kukodi hakuwa na sababu ya kubaki.

Hiki ndicho kiini cha jambo. Wito wa huduma katika Agano Jipya hautoki kwa mtu kwenda kwake mwenyewe. Katika Matendo 13 Kanisa la Antiokia linafunga na kuomba, linasikia sauti ya Roho, linawawekea mikono Barnaba na Sauli na kuwatuma. Hata Paulo, aliyeitwa na Bwana mwenyewe barabarani, alipokea mikono ya ndugu. Katika 1 Timotheo 5:22 anaonya asiwekewe mtu mikono kwa haraka. Simoni mchawi katika Matendo 8 alidhani mamlaka ya kiroho ni kitu cha kununuliwa, na Petro alimjibu kwa ukali ambao sisi leo tumeupoza mno. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 14, linatuwekea kanuni hiyo kwa ufupi: asifundishe mtu hadharani katika Kanisa wala kutoa sakramenti asipokuwa ameitwa kwa utaratibu.

Wako watakaotujibu kwa maneno ya Luther mwenyewe. Je, si yeye aliyefundisha ukuhani wa waamini wote? Ni kweli. Mwaka 1520 alitoa mfano wa Wakristo waliotekwa na kupelekwa nyikani, wasiwe na padre kati yao. Akasema wakimchagua mmoja wao abatize na kuhubiri, huyo ni kuhani wa kweli kana kwamba maaskofu wote walimbariki. Mfano huo tunaupenda, lakini usomwe wote. Wale wa nyikani walikutana. Walijuana. Walimchagua mmoja, na aliyechaguliwa hakujichagua. Luther hakusema kila mmoja wao ajitangaze kivyake. Ukuhani wa waamini wote unampa kila Mkristo heshima mbele za Mungu. Haumpi mtu yeyote ruhusa ya kujinyakulia kazi ambayo ni ya wote bila wote kumkabidhi.

Kwa hiyo hatusemi kwamba cheti cha mtandaoni ni kibaya kwa sababu kimepita mtandaoni. Wako wanaosoma theolojia kwa njia ya mtandao, na wanasoma kweli kweli. Ubaya wake ni kwamba kinamtuma mtu pasipo mtumaji.

Hoja za upande wa pili

Haki inatudai tuzisikilize hoja za wanaoona tofauti, maana nyingine zina uzito.

Hoja ya kwanza: rafiki aliyewajua maharusi kwa miaka 20 anaweza kuwa shahidi mwema kuliko mchungaji aliyekutana nao mara tatu. Tunakubali kwamba anaweza kuwajua zaidi. Na hakuna anayemzuia kusimama kama msimamizi, kusema neno la nasaha, kuweka saini kama shahidi. Lakini rafiki ni wao. Siku mume anapotaka kuoa mwingine kinyume cha ahadi, au mke anapokuja na jeraha usoni, anahitajika mtu ambaye si wa upande wowote, mwenye ofisi inayobaki hata yeye akihamishwa. Mchungaji wa kwanza akiondoka, kitabu cha ndoa kinabaki usharikani, na mchungaji wa pili anakifungua.

Hoja ya pili: Serikali haina dini, basi haina haki ya kuchagua nani ni mchungaji wa kweli. Hoja hii tunaiheshimu, na sisi wenyewe hatutaki ofisa atupime mafundisho. Majirani zetu wamejaribu njia mbalimbali. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilidai viongozi wa makanisa wawe na elimu ya theolojia, na makanisa mengi yakafungwa. Kenya ilitoa rasimu ya kanuni za kusimamia vyombo vya dini, lakini mwanzoni mwa mwaka 2016 iliziondoa baada ya makanisa kupinga. Baada ya maafa ya Shakahola mwaka 2023 mjadala ukarudi kwa uchungu. Hatudhani Serikali ipime imani. Lakini kufungisha ndoa kisheria ni kazi ya umma, na kwa kazi ya umma Serikali inaweza kuuliza maswali ya umma: Jumuiya yako imesajiliwa? Ni nani aliyekutuma? Ukikosea, ni nani wa kukuondoa? Vitabu vinatunzwa wapi? Maswali hayo Mwislamu, Mkatoliki, Mlutheri na Mpentekoste wanaweza kuyajibu kwa usawa. Asiyeweza kuyajibu ni yule aliye peke yake.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu: kwamba kwa kushikilia leseni tunawanyima haki wachungaji wadogo walioitwa kweli. Yuko mtu anayeongoza watu 40 chini ya mabati, hakusoma chuo, hana nauli ya kufuatilia karatasi, lakini watu wake wanamjua, wanamheshimu, na wangemwambia usoni akipotoka. Huyo tusimchanganye na mwenye cheti cha mtandaoni. Yeye ana usharika na hana karatasi; mwingine ana karatasi na hana usharika. Huyu wa kwanza asaidiwe kupata leseni, na makanisa makubwa kama letu yasione fahari kumwona akihangaika.

Anayeumia ni nani

Katika mijadala ya namna hii ni rahisi kubaki katika vyeo na vifungu. Tuangalie gharama inamwangukia nani.

Tuchukue mfano wa mama mmoja aliyefungishwa ndoa na mtu asiye na leseni. Ilikuwa sherehe nzuri, kwa shela na keki na picha. Alipewa cheti chenye rangi ya dhahabu. Akaishi na mumewe miaka tisa, wakajenga nyumba ya vyumba vitatu, wakalima pamoja. Mume akafariki. Sasa ndugu wa mume wanakuja, na katika Mahakama ya Mwanzo anaulizwa cheti cha ndoa. Anakitoa. Hakina namba inayotambulika, na aliyekisaini hayupo. Amehama, au amebadilisha jina la huduma yake. Ghafla yule aliyekuwa mke anaitwa hawara mbele ya watoto wake.

Sheria haijamwacha mtupu. Kama hakujua, kifungu cha 41 kinamlinda. Na kifungu cha 160 kinatoa dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi wakijulikana kwa jamii kuwa mume na mke. Lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na kuitetea kunahitaji mashahidi, nauli na moyo wa kusimama mbele ya wakwe zake akisimulia maisha yake ya ndani. Mwenzake mwenye cheti halali anaweka karatasi mezani na kunyamaza. Huyu lazima ajieleze wiki baada ya wiki, akiwa bado amevaa nguo za msiba.

Ndiyo maana hatuwezi kulichukulia jambo hili kama mzaha wa vijana na simu zao. Aliyefungisha ndoa ile hakupoteza kitu. Alipokea bahasha yake, akapiga picha, akaondoka. Nabii Malaki, katika sura ya 2, anasema Bwana mwenyewe ni shahidi kati ya mtu na mke wa ujana wake. Anayesimama mahali pa shahidi huyo bila kutumwa, kisha asipatikane siku ya kuitwa, amemshuhudia Mungu uongo.

Na ndoa yao mbele za Mungu?

Baada ya kusema hayo yote, tunaulizwa na washarika: je, mama yule aliishi katika dhambi miaka tisa? Tunajibu bila kusitasita: la. Alitoa ahadi kwa moyo mweupe, mbele ya mashahidi, akaishika. Kanisa lilipopambana na Wadonati katika Afrika ya Kaskazini, Agostino alifundisha kwamba kazi ya Mungu haibatiliki kwa ubaya wa mtumishi, na Ungamo letu limelishika fundisho hilo katika kifungu cha 8. Kifungu hicho kinazungumza juu ya sakramenti, na kwetu ndoa si sakramenti; pia kinahusu watumishi wabaya waliowekwa kwa utaratibu, si wasiowekwa kabisa. Lakini kama Mungu hawanyimi watu wake neema kwa sababu ya kuhani mwovu, hawezi kuihesabia haramu ahadi ya kweli kwa sababu ya mtu aliyewadanganya waliyoitoa. Inafaa kuona kwamba hapa sheria ya nchi na imani yetu zimefika mahali pamoja, kila moja kwa njia yake.

Wale waliojua, waliochagua njia ya mkato kwa kuwa ilikuwa rahisi, nao tusiwafukuze. Tuwaambie ukweli: ahadi mliyopeana ni nzito, basi ipeni ulinzi unaostahili. Nendeni bomani, au njooni usharikani, mkamilishe. Si aibu. Aibu ni kuwaacha watoto wenu walibebe jambo ambalo ninyi mngelimaliza kwa siku 21.

Kwa nini wanakwenda huko?

Swali la mwisho ni hili: kwa nini mtu amwache mchungaji wa mtaani kwake amtafute wa mtandaoni? Wengine wanakimbia nidhamu. Wana wake kwingine na hawataki matangazo yasomwe. Lakini si wote. Wako wanaokimbia gharama. Ibada ya ndoa yenyewe haigharimu sana, lakini imefungwa kwa kamba moja na kamati ya harusi, michango, ukumbi, sare na magari, mpaka vijana wanaona hawawezi kuja madhabahuni bila milioni kadhaa. Wanaishi pamoja wakisubiri fedha. Wakizaa mtoto, wanawekwa chini ya nidhamu ya Kanisa. Wakiwa chini ya nidhamu, wanaona haya kurudi. Hapo ndipo anapotokea mtu mwenye simu akasema, njooni Jumamosi.

Sharika zinaweza kuuondoa mlolongo huu. Ibada ya kubariki ndoa ifanyike Jumapili katikati ya ibada ya kawaida, kwa nguo safi walizo nazo, na wazee wa kanisa wawape chai. Wanandoa kadhaa wabarikiwe siku moja, kama sharika nyingine zinavyofanya. Mwinjilisti wa mtaa afundishe mapema, katika darasa la kipaimara na katika vikundi vya vijana, tofauti kati ya harusi na ndoa, na namna ya kutambua cheti halali. Mzazi anayeletewa barua ya posa asiulize mahari tu. Aulize pia ni nani atakayefungisha ndoa, na ana leseni ya nani.

Kwa upande wa sheria, tunashauri leseni ibaki, na itolewe kwa mhudumu kupitia jumuiya iliyomtuma na inayoweza kumrudisha. Orodha ya wenye leseni ibandikwe mahali watu wanapoiona, katika ofisi za kata na kwenye mbao za matangazo, ili bibi wa Nsemulwa asiyetumia intaneti aweze kumtuma mjukuu wake akaisome kabla hajapika pilau la harusi. Na yule asiyetaka dini katika ndoa yake, mlango wa bomani uko wazi, na ndoa ya pale ni ndoa kamili. Hana sababu ya kuazima jina la mchungaji.

Sisi tuliowekewa mikono tuna neno letu pia. Wana wa Skewa, katika Matendo 19, waliulizwa na pepo wao ni nani, na hawakuwa na jibu. Swali hilo litaulizwa kwa kila anayesimama mbele ya bwana na bibi harusi na kusema, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Cheti chetu cha chuo hakilijibu, wala leseni ya Msajili peke yake. Linajibiwa na washarika wanaojua tunakoishi, na ambao mlango wetu wameugonga usiku, ndoa ile tuliyoifungisha ilipoanza kuyumba, wakatukuta tupo.